Alikuwa amelewa alipoua: je, mahakama itamsikiliza?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Rombo. Nimelifupisha:

"Mdogo wangu wa kiume ana miaka 27. Jumapili moja alikunywa mbege kilabuni tangu saa tano asubuhi na wenzake, jioni wakahamia kwenye gongo nyumbani kwa mama mmoja. Usiku aligombana na rafiki yake wa siku zote kuhusu shilingi 3,000 za pombe. Akachukua kuni jikoni, akampiga kichwani mara moja. Rafiki yake alifariki hospitalini siku ya tatu. Mdogo wangu alikutwa amelala palepale nje ya jiko, na mgambo walipomwamsha aliuliza kwa nini wanamfunga mikono. Ameshtakiwa kwa kuua kwa kukusudia. Mjomba anasema akieleza kuwa alikuwa amelewa ataachiwa. Wengine wanasema hiyo pombe ndiyo itakayomnyonga. Na kuna mtu anatushauri tuseme alitiliwa dawa kwenye kinywaji. Tushike lipi?"

Pole sana, dada yangu. Pole kwa mdogo wako, na pole kwa nyumba ile nyingine iliyozika. Najua mmekaa kikao baada ya kikao na kila mzee ana sheria yake. Jambo lenyewe halijibiki kwa ndiyo au hapana, kwa hiyo nitakwenda polepole, lakini hili lichukue sasa hivi: mjomba amekosea, wanaosema pombe itamnyonga nao wamekosea, na huyo anayewashauri mseme alitiliwa dawa ndiye anayeweza kummaliza kijana.

Sheria inayohusika ni kifungu cha 14 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, Sura ya 16. Ni kifungu kifupi, na kinaanza kwa kufunga mlango: ulevi si utetezi kwa shtaka lolote la jinai, isipokuwa kwa namna ambayo kifungu chenyewe kinaeleza. Mtu aliyekunywa kwa hiari yake hawezi kusimama kizimbani akasema "nilikuwa nimelewa" akategemea neno hilo peke yake limtoe. Hapo ndipo mjomba alipoteleza. Hata hivyo, baada ya kuufunga mlango mkubwa, kifungu hichohicho kimeacha milango midogo mitatu. Wa mdogo wako, kwa hayo uliyonieleza, ni ule wa tatu. Nitaanza na miwili ya mwanzo kwa sababu ndiyo mnayosukumwa kuigonga. Na neno ulevi hapa si la pombe tu. Sheria inahesabu pia hali iletwayo na dawa, ziwe za kulevya au nyinginezo, hivyo aliyevuta bangi naye anapimwa kwa kifungu hiki.

Mlango wa kwanza ni wa mtu aliyeleweshwa bila ridhaa yake, kwa hila au kwa uzembe wa mtu mwingine, mpaka akawa haelewi anachokifanya wakati wa tendo. Huyo akiaminiwa anaachiwa huru. Ndiyo maana ushauri wa "alitiliwa dawa" unavutia, kwa sababu ndio njia pekee kati ya hizi tatu inayomrudisha mtu nyumbani moja kwa moja. Lakini angalia masharti yake, yanakwenda pamoja. Haitoshi kutiliwa kitu, ni lazima pia akili iwe imefunikwa kiasi cha kutoelewa tendo. Mwaka 1994 majaji wa juu kabisa wa Uingereza waliamua kesi ya Kingston, mtu aliyedai kuwa alileweshwa kwa siri na mwenzake kisha akamdhalilisha kijana wa miaka 15. Walisema hata kama alileweshwa kweli, maadam alijua anachofanya na alikusudia kukifanya, kusudio hilo linabaki kuwa lake. Maneno ya kifungu chetu yanaelekea hukohuko. Na anayesema "nilikunywa mwenyewe lakini sikujua kama gongo ile ni kali kiasi kile" hana nafasi katika mlango huu. Hoja kama hiyo ilikataliwa Uingereza mwaka 1988 katika kesi ya Allen, aliyekunywa divai ya kutengenezwa nyumbani bila kujua nguvu yake. Aliyekubali kunywa pombe amekubali kulewa.

Sasa fikiria Wakili wa Serikali atakavyomhoji mdogo wako. Mbege huzungushwa kwa kata, yaani chombo cha kunywea, mtu anapiga funda anampa jirani yake. Ni nani alitiliwa dawa peke yake kwenye kata iliyopita mikononi mwa watu sita? Mbona haikutajwa kwenye maelezo ya onyo aliyoandika polisi? Mbona wenzake waliokunywa naye hawakudhurika? Kabla hajajibu la tatu, jaji ameshaacha kumwamini, na atakapofika kwenye jambo la kweli, yaani kwamba alikuwa amelewa hajitambui, hakuna atakayemsikiliza tena. Utetezi wa ulevi unasimama juu ya kuaminika kwa mtu mmoja aliyekuwa hajitambui. Ukimnyang'anya kuaminika huko, umemwacha mikono mitupu. Zaidi ya hapo, nyinyi mtakaopanda kutoa ushahidi huo mtakuwa mmesema uongo chini ya kiapo, nalo ni kosa la jinai linalojitegemea. Nakuomba, dada yangu, huyo mtu asiingie tena kwenye kikao chenu.

Mlango wa pili ni wa pombe iliyogeuka kuwa wazimu, wa muda au wa kudumu. Hapa sheria haijali kama mtu alikunywa kwa hiari. Inaangalia kwamba pombe imeizaa hali nyingine ya ugonjwa wa akili, na wakati wa tendo hakuelewa anachofanya. Kesi ya Beard ya Uingereza, ya mwaka 1920, ambayo mahakama zetu zimeirejea kwa miongo mingi, ilitenganisha mambo haya mawili waziwazi: kulewa ni kitu kimoja, na ugonjwa wa akili ulioletwa na ulevi ni kitu kingine. Madaktari wanaujua mfano wake mkubwa. Mtu aliyekunywa sana kwa miaka akiacha ghafla, baada ya siku mbili au tatu anaanza kutetemeka, kutoka jasho, kuona wadudu na watu wasiokuwepo, na kupigana nao. Huyo hana hata tone la pombe mwilini, lakini pombe ndiyo iliyomfikisha hapo.

Njia hii ina gharama yake. Kwanza, anayedai wazimu ndiye anayepaswa kuuthibitisha, ingawa si kwa kiwango kizito kinachotakiwa kwa upande wa mashtaka. Inatosha aonyeshe kwamba inaelekea zaidi kuwa kweli. Pili, mahakama itaagiza apimwe na madaktari wa akili, na kwa huku bara kituo kinachojulikana kwa kazi hiyo ni Isanga, kule Dodoma. Tatu, akifaulu harudi nyumbani. Mahakama inasema kwamba tendo alilitenda lakini kwa sababu ya wazimu hana hatia, kisha anawekwa chini ya uangalizi wa hospitali kwa muda usiojulikana. Kwa kijana ambaye wiki nzima kabla ya tukio alikuwa analima, anasalimia watu na anakumbuka madeni yake, sioni daktari atakayeandika kwamba ni mgonjwa wa akili. Kama kuna historia ya kuona vitu au kusikia sauti, mwambieni wakili mapema. Kama haipo, msiitengeneze.

Tuje sasa kwenye mlango wenu, kijifungu cha 4. Kinasema ulevi utazingatiwa katika kuamua kama mshtakiwa alikuwa na nia yoyote, iwe nia mahususi au nyingineyo, ambayo pasipo hiyo hawezi kuwa na hatia ya kosa aliloshtakiwa. Naomba uisome sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu maisha ya mdogo wako yamelala humo. Haisemi mlevi asamehewe. Inamwambia jaji hivi: kabla hujasema mtu huyu alikusudia, angalia na hali ya kichwa chake.

Na hapa nia ndiyo kila kitu. Kuua kwa kukusudia, chini ya kifungu cha 196, ni kusababisha kifo kwa nia ovu. Ukiiondoa nia ovu, kifo kikabaki na tendo lisilo halali likabaki, unapata kuua bila kukusudia. Nia ovu yenyewe imeelezwa kwenye kifungu cha 200, na watu wengi huielewa nusu. Wanadhani ni lazima mtu awe ametaka kuua. Hapana. Ukikusudia tu kumletea mtu madhara makubwa mwilini, au ukijua kwamba tendo lako huenda likaua au likaleta madhara ya namna hiyo, na ukalifanya bila kujali, nia ovu imetimia. Kwa hiyo hata rafiki asiyemtakia rafiki yake kifo anaweza kutiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia. Swali la kesi hii si kama mdogo wako alimchukia marehemu. Swali ni kama, katika sekunde ile aliyoinua kuni, kichwa chake kilikuwa na uwezo wa kujua kwamba kuni ikitua juu ya kichwa cha mtu itavunja, na kama alilijua hilo.

Sheria haitoi nafuu kwa ulevi mdogo. Beard hiyohiyo ilisema kwamba pombe iliyomfanya mtu awe mwepesi wa hasira tu, akashindwa kujizuia kwa urahisi kuliko angekuwa mkavu, haiondoi nia. Wengi wanaanguka hapa. Walikuwa wamechangamka, wana ujasiri wa pombe, wametukanwa wakapandwa na hasira, lakini walijua wanachokifanya. Mahakama ikiona hivyo inasema mshtakiwa alikuwa amekunywa, lakini hakuwa amelewa kwa kiwango cha kupoteza nia. Na aliyepanga kwanza kisha akanywa ili apate moyo wa kutenda hana la kusema kabisa. Katika kesi ya Gallagher iliyotoka Ireland ya Kaskazini, iliyoamuliwa mwaka 1961, mtu aliazimia kumuua mkewe, akanunua kisu na chupa ya wiski, akainywa, akaua. Majaji walisema azma aliyoiweka akiwa mkavu haifutwi na chupa aliyoinunua yeye mwenyewe. Ndiyo maana nakuuliza: wiki ile au mwezi ule, mdogo wako aliwahi kumtishia marehemu? Kama yapo maneno ya namna hiyo, wakili ayajue kabla ya kuyasikia kwa shahidi wa Jamhuri, yaani wa upande wa mashtaka.

Kuna jambo moja katika kijifungu hiki ambalo hata mawakili vijana hulipita haraka kwa sababu wamesoma vitabu vya Uingereza. Kule, tangu kesi ya Majewski ya mwaka 1976, makosa yamegawanywa mafungu mawili. Yapo yanayohitaji nia mahususi, kama mauaji ya kukusudia, ambayo ulevi unaweza kuigusa nia yake. Na yapo ya nia ya kawaida, kama shambulio, ambayo mlevi wa hiari hasikilizwi. Sheria yetu haikuandikwa hivyo. Inasema nia yoyote, mahususi au nyingineyo. Kwa mdogo wako tofauti hiyo haibadilishi kitu, maana mauaji ya kukusudia yanaingia kwa vipimo vyote viwili. Nimeitaja kwa ajili ya msomaji mwingine mwenye ndugu anayekabiliwa na shtaka dogo zaidi na ameambiwa kwamba ulevi hauingii humo. Afungue kifungu chenyewe, asitosheke na kitabu cha ugenini.

Nani anatakiwa kuthibitisha? Hapa mnaweza kupata pumzi kidogo. Mwaka 1956, katika kesi ya Cheminingwa, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza jambo ambalo bado linaongoza. Anayedai wazimu uliotokana na pombe anabeba mzigo wa kuuonyesha. Lakini mshtakiwa anaposema tu kwamba ulevi ulimfanya asiwe na nia inayotakiwa, ni kosa kwa mahakama kumtwika yeye mzigo huo. Upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuthibitisha, pasipo kuacha shaka ya msingi, kwamba pamoja na pombe yote ile nia ilikuwepo. Mdogo wako hahitaji kumfanya jaji aamini kabisa kwamba hakukusudia. Ushahidi ukimwacha jaji na shaka ya kweli juu ya nia, shaka hiyo ni ya mshtakiwa. Na ulevi ukionekana katika ushahidi, hata ukitoka vinywani mwa mashahidi wa Jamhuri wenyewe, jaji anawajibika kuupima.

Basi nia inaonekanaje, wakati hakuna anayeona ndani ya kichwa? Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliorodhesha vipimo vyake katika kesi ya Enock Kipela, rufaa ya mwaka 1994: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya mshambuliaji, na mwenendo wake kabla na baada ya tendo. Chukua karatasi uiweke kesi yenu juu ya vipimo hivyo, kwa uaminifu.

Kichwa kinamwumiza mdogo wako. Pigo la kichwani ndilo Wakili wa Serikali atakaloanza nalo. Kwa upande wa pili, alipiga mara moja. Hakuleta silaha kutoka nyumbani, aliokota kilichokuwa mbele yake. Hapa upana na uzito wa ile kuni vina maana: kijiti cha kuwashia moto si sawa na gogo. Kisha mwenendo wake baada ya tendo. Hakukimbia, hakuficha kuni, hakunawa damu, hakubuni maneno. Alilala hatua chache kutoka kwa mtu aliyempiga, akaamka akiuliza kwa nini anafungwa. Kwa miaka niliyokaa kwenye kazi hii nimeona mambo madogo kama hayo yakimsogeza jaji kuliko hotuba ya wakili. Mtu anayejua kwamba ameua halali pale.

Lakini usiishike hoja ya kutokukumbuka kama ndiyo ngao. Kutokukumbuka si sawa na kutokujua. Pombe nyingi huzuia ubongo kuhifadhi kumbukumbu huku mtu bado anatembea, anaongea, anadai chenji yake. Asubuhi hana kitu kichwani, na jana usiku alikuwa anajua kila alichofanya. Mahakama zinalijua hilo. Mshtakiwa akija na "sikumbuki" tu, jaji atatafuta kwingine: alitembeaje, aliongea nini, alitambua watu? Kama dakika tano kabla ya pigo alikuwa anahesabu zile shilingi 3,000 kwa usahihi, hilo litatumika dhidi yake. Kama alikuwa anaanguka, anamwita rafiki yake kwa jina la mtu mwingine, amejikojolea, hilo ni lake.

Kwa hiyo kesi hii itaamuliwa na watu waliokuwepo, kuliko daktari. Kule vijijini ni nadra polisi kupima damu ya mshtakiwa kuona kiwango cha pombe, na baada ya saa nyingi kipimo hicho hakina faida. Kinachobaki ni macho ya mashahidi: muuza mbege, mama wa gongo, wanywaji wenzake, mgambo waliomwamsha, mwenyekiti wa kitongoji aliyeitwa. Na hapa kuna ugumu ninaotaka uujue mapema. Gongo ni marufuku. Mama huyo anaogopa kesi yake mwenyewe, na anayeogopa atasema "alikunywa kidogo tu hapa kwangu". Wanywaji wenzake wanaona aibu, nao watasema walikunywa kidogo. Kila mmoja anajikinga, na maneno yao yakijumlishwa yanamfanya mdogo wako aonekane alikuwa mkavu usiku ule. Wakili akilijua hilo atajua maswali ya kuwauliza: walianza saa ngapi, kata ilijazwa mara ngapi, walikula nini, gongo ilipimwa kwa chupa gani, nani alilipa.

Msiende nyinyi kuwashawishi. Msimpelekee huyo mama fedha, msimtishe, msimfundishe la kusema. Kuingilia mashahidi ni kosa, na likigundulika litaonekana kama kwamba familia inajua kijana ana hatia. Andikeni majina, mpeni wakili, basi. Kama wapo watu wa upande wenu waliomwona siku ile, kwa mfano aliyepishana naye njiani wakati wanahamia kwenye gongo, hao ni mashahidi halali wa utetezi, na majina yao yawe tayari mapema. Kesi ikianza kwenye mahakama ya chini mdogo wako hataulizwa kama anakubali au anakataa kosa, kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza mauaji. Upelelezi ukikamilika atasomewa maelezo ya mashahidi na kupelekwa Mahakama Kuu. Kwa shtaka hili hakuna dhamana, kwa hiyo msipoteze fedha kwa anayewaambia anaweza "kuongea na mtu" ili kijana atoke. Wakili kwa kesi ya mauaji Mahakama Kuu hutolewa kwa gharama ya Serikali kama familia haina uwezo, na wengi wao wanafanya kazi kwa moyo. Mpeni taarifa zote, pamoja na zile mbaya.

Jambo jingine ambalo huharibu kesi hizi ni utetezi unaopingana. Mshtakiwa polisi anasema "sikuwepo", kizimbani anasema "nilikuwepo lakini nilikuwa nimelewa", na kwenye rufaa anaongeza "nilikuwa najihami". Nini kilitokea kweli? Kama ukweli ni kwamba walisukumana kabla ya pigo, hilo lisemwe tangu mwanzo, maana lina uzito wake mbali na pombe. Mahakama ya Rufani imeshasema mara nyingi kwamba kifo kilichotokea katika ugomvi wa papo kwa papo, au baada ya kuchokozwa, kwa kawaida kinaelekea kwenye kuua bila kukusudia. Pombe na ugomvi vikikaa pamoja katika ushahidi, kila kimoja kinakisaidia kingine kuonyesha kwamba hakukuwa na nia iliyotulia.

Akifaulu kupita mlango huu wa tatu, atapata nini? Hataachiwa kwa sababu ya ulevi. Atatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Kwa masikio ya mjomba hilo ni kushindwa, lakini pima tofauti yenyewe. Adhabu ya kuua kwa kukusudia huku bara ni kunyongwa, na kwa mtu mzima kama yeye jaji hana uchaguzi mwingine. Ni kweli kwamba mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliona kwamba kumfunga jaji mikono namna hiyo kunakiuka haki ya kuishi, lakini adhabu hiyo bado imo kwenye sheria. Kuua bila kukusudia adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha, na chini ya hapo jaji ana uhuru. Anaweza kutoa miaka michache kwa kuangalia umri, kosa la kwanza, muda aliokaa rumande, majuto, na mazingira ya tukio. Hapo ndipo pombe inaweza kusemwa tena, safari hii kama ombi la kupunguziwa adhabu, na mahakama nyingine huipokea, nyingine husema ulevi umezidi nchini na hautakuwa kisingizio.

Inawezekana pia, shtaka litakaposomwa Mahakama Kuu, mdogo wako akakana kuua kwa kukusudia lakini akakiri kuua bila kukusudia, na upande wa mashtaka ukakubali. Hutokea mara nyingi katika kesi zinazofanana na hii, na huokoa miaka ya kungoja. Hilo ni la kuzungumza na wakili, na uamuzi ni wa kijana mwenyewe baada ya kuelezwa. Ukoo usimlazimishe kukiri wala kukana.

Kwa wasomaji wa Kenya, kifungu chenu ni cha 13 cha Kanuni ya Adhabu, na kinafanana na chetu karibu neno kwa neno kwa kuwa zote zilitoka kwenye chungu kimoja cha enzi ya Mwingereza. Tofauti kubwa iko kwenye adhabu, maana Mahakama ya Juu ya Kenya iliondoa ulazima wa adhabu ya kifo kwa mauaji Desemba 2017. Wa Zanzibar wana sheria yao ya adhabu, waisome hiyo.

Umeuliza mwishoni mwa barua yako, kwa maneno ambayo sikuyanukuu hapo juu, kama mnaruhusiwa kwenda kwa wazazi wa marehemu. Nendeni. Kwenda kuwapa pole waliofiwa si kukiri kosa kwa niaba ya kijana, wala hakuna sheria inayowazuia, ila msizungumze habari ya ushahidi na msiombe kesi ifutwe. Hawawezi kuifuta hata wakitaka, kesi ni ya Jamhuri na mwenye uamuzi ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Mtangulizeni mzee wanayemheshimu, mwacheni mjomba nyumbani kama bado anasema kijana hana kosa, na mketi pale walipowaelekeza.